Kitabu cha Suvdmaa Kinakataza Nini Leo

Februari 9

Daftari jipya. La zamani lilikwisha mwezi wa kumi na mbili nikaliwashia jiko, likashika moto vizuri. Naandika hali ya hewa, vifo na vizazi, kama tulivyoamriwa enzi za brigedi, ule ushirika wa wachungaji wa serikali. Brigedi imekufa miaka mingi iliyopita, lakini hakuna aliyekuja kuniambia niache.

Mwenye daftari ni mimi Yadamsuren, miaka sabini na nne, niliyezaliwa mwaka wa Simbamarara, mchungaji bora wa wilaya mara mbili. Nishani ziko sandukuni, anayebisha aje azione. Nilisoma hadi darasa la nne na limenitosha. Wa darasa la kumi na mbili nimewaona wakifunga farasi kwa fundo la kamba za viatu, farasi akaenda zake.

Baridi kali, upepo hakuna. Kondoo jike 118, wote wana mimba. Mwaka juzi walikuwa mia nne. Wengine walikwenda na theluji.

Februari 10

Siku ya kwanza ya Mwezi Mweupe. Mwaka umeanza.

Mkaza mwanangu Suvdmaa ameamka kabla ya jua, akapika chai ya maziwa na chumvi, kisha akakaa na kile kijitabu chake cha nyota. Hukinunua wilayani kila mwaka. Kimeandikwa siku ya kuhama, siku ya kukata nywele, siku ya kuosha kichwa, siku ya kutia mguu njiani. Mtu mzima mwenye akili zake anaiuliza karatasi kama aoshe kichwa! Suvdmaa ni mtu wa jangwa la Gobi. Kwao wanachunga ngamia, na ngamia hamfundishi mtu kitu isipokuwa kutema mate.

Asubuhi ya leo kila mtu hutoka hemani akatembea kuelekea upande aliopangiwa kwa mwaka wake wa kuzaliwa, eti ndiyo njia yake ya mwaka mzima. Nikamwuliza, kama ninavyomwuliza kila siku:

"Kitabu chako kinakataza nini leo?"

"Baba, wa Simbamarara waende popote watakapo, ila si kaskazini mashariki. Kaskazini mashariki ni mkosi wa mwaka mzima."

"Nani kasema?"

"Kitabu."

"Kina miguu hicho kitabu? Kimewahi kutembea?"

Nikavaa joho jipya nikashika kaskazini mashariki, hatua mia mbili, kifua mbele. Na nimekuta nini? Ukuta wa zizi upande ule umeangushwa na theluji, na kondoo wawili wamezama hadi shingoni. Nimewatoa kwa mikono yangu. Ningefuata nyota, wangekuwa nyama iliyoganda.

Wakati wa kula, mwanangu Nyamjav aliweka bakuli chini, akasema lile alilokuwa akilitafuna tangu vuli.

"Baba, majani yakichipua nitahesabu kondoo jike. Wakiwa chini ya mia, tunauza waliobaki, tunahamia mji mkuu. Yule rafiki yangu wa jeshini ana lori, anataka dereva."

"Nenda salama."

"Na wewe unakuja."

"Mimi? Nikakae ghorofani, watu wananyea juu ya kichwa changu?"

Suvdmaa akacheka, chai ikampalia. Nyamjav hakucheka. Huyo akisema neno, amesema. Ukaidi sijui kautoa wapi.

Februari 11

Baridi. 118.

Februari 14

Wageni wa mwaka mpya bado wanakuja. Wanakula maandazi ya nyama, wanasifu nishani zangu, wanaondoka. Mmoja hakusifu. Nimemwonyesha mara mbili.

Februari 18

Mmoja amekufa. Mzee, hana meno. 117.

Februari 20

Tangu mke wangu Dulmaa afe mwezi wa kumi sijakata nywele. Siku za msiba zilikwisha zamani, ni kwamba sikutaka. Leo Suvdmaa ananisomea, uso mkavu kama jiwe: "Baba, leo usikate nywele hata kidogo. Atakayekata leo atapatwa na magomvi na umri wake utapungua."

"Lete mkasi."

"Baba, tafadhali."

"Lete mkasi! Nyamjav, shuhudia. Umri wangu huo unaanguka sakafuni."

Akanikata yeye mwenyewe, taratibu, akafuta shingo yangu kwa kitambaa. Nyamjav alikuwa anakohoa kwenye kiganja. Nimemwambia anywe mafuta ya mkia wa kondoo.

Dulmaa naye alikuwa na kijitabu hicho hicho. Miaka arobaini na tisa alinisomea makatazo, na miaka arobaini na tisa sikutii hata moja. Ndoa yetu yenyewe ilikatazwa. Enzi zile kupiga ramli lilikuwa kosa la jinai, lakini mzee mmoja, baba wa Samdan wa wilayani, alikuwa akisoma nyota kwa kujificha ndani ya ghala la sufu. Dulmaa akanijia analia: mtabiri kasema nyota zetu ni moto na maji, tukioana mmoja hatamaliza mwaka. Mimi nilikuwa bado najiuliza kuhusu dada mmoja wa dukani. Niliposikia nimekatazwa, nilimwoa Dulmaa kabla wiki haijaisha. Ndivyo anavyofanya mwanaume.

Februari 24

Kitabu kimekataza kuoga. Nimeoga mwili mzima. Maji yalikuwa tayari ya moto kwenye sufuria kubwa, bahati nzuri.

Machi 2

Upepo wa magharibi. Watatu wamekufa. 114. Nyasi kavu za ghalani zimebaki marundo tisa.

Machi 5

Marundo saba. Wanakondoo wa kwanza wamezaliwa, wanne, wazima.

Machi 8

Nyamjav anataka tuhamie kambi ya majira ya kuchipua sasa hivi. Iko chini ya genge la mlima, ina zizi lenye paa, na theluji huko ni haba. Nimemkatalia. Tangu nianze kuchunga sijawahi kuhama kabla ya tarehe ishirini.

"Baba, nyasi zinakwisha."

"Nilichunga kondoo elfu moja wa serikali kabla mama yako hajakujua."

"Na tarehe ishirini tutawalisha nini? Nishani?"

Nikamtupia kiatu. Kimempata.

Machi 9

Kaja tena. Viatu nimebaki na kimoja, nikamkatalia kwa mdomo.

Machi 10

Jua lina utando mweupe. Farasi wamesimama, mikia kuelekea upepo unakotoka. Nimeamka vizuri, magoti yangu ni ya kijana wa miaka ishirini.

Suvdmaa alifungua kijitabu, akakifunga, akakifungua tena. Nikamwuliza kinakataza nini. Akasema leo hakuna kitu.

"Na kesho?"

"Ah, kesho, Baba, nisikusomee. Utakasirika."

"Soma."

"Kesho ni siku ya Kondoo. Kuhama kumekatazwa kabisa kabisa. Atakayehama siku ya Kondoo hatafika, na akifika hatapenda alipofika. Tukae tu, Baba. Afadhali tukae."

Nyamjav akatoka nje haraka na kikohozi chake.

Nimelala chali nikafikiri. Karatasi inanipangia mimi lini nivunje hema langu! Nimewaambia wote wawili: kesho alfajiri tunahama.

Machi 11

Tumehama. Hema limevunjwa asubuhi, limesimama saa tisa. Kondoo wote 114 wamefika na wana mahali pa kulala. Nimempigia Suvdmaa kelele mbele ya wote: "Tumefika au hatukufika?" Akainamisha kichwa. "Tumefika, Baba." Ushindi mtamu.

Machi 13

Dhoruba.

Machi 16

Siku mbili sikuandika, wino ulikuwa umeganda, na mikono pia.

Ilianza saa nne asubuhi. Kaskazini kulisimama kitu kama ukuta wa majivu, kisha hapakuwa na kaskazini tena. Tulifunga kamba kutoka mlango wa hema hadi zizini, na kila aliyetoka aliishika. Nyamjav alikaa juu ya paa la zizi akisukuma theluji isilivunje. Mimi na Suvdmaa tulikuwa ndani na kondoo. Hao wajinga wakiogopa husongamana hadi walio katikati wanakosa hewa, kwa hiyo unapita kati yao, unawasukuma, unapita tena, mchana kutwa, kesho yake tena.

Siku ya pili kondoo mmoja kijana alizaa, akamkataa mtoto. Anampiga teke, anaondoka. Kule nje mbingu inapasuka, na yeye ana maringo. Suvdmaa akachuchumaa, akampaka mama chumvi mdomoni, akaanza kumwimbia wimbo wa kubembeleza kondoo, lile neno moja linarudiwa na kurudiwa. Dulmaa alipouimba, kondoo walitoa machozi, nimeona kwa macho yangu. Suvdmaa ana sauti ya bawaba yenye kutu. Aliimba karibu saa nzima. Yule kondoo akamkubali mwanawe, nadhani ili anyamazishwe yule mwimbaji.

Lakini aliimba saa nzima. Naandika kwa sababu ni kweli.

Tumepoteza wanne. 110. Jirani yetu wa ng'ambo ya kilima, ambaye hakuhama, amepoteza zaidi ya nusu, wamesimama wima ndani ya theluji kama nguzo za ua. Nyamjav amekwenda kumsaidia kuwachuna.

Tungetii kitabu, tungekuwa sisi. Nimemwambia Suvdmaa mara tano leo. Mara ya tano akasema, "Ndiyo, Baba, una kichwa wewe," akanipa bakuli la supu lenye nyama nyingi kuliko la mumewe.

Machi 19

Wazima sita wamezaliwa.

Machi 27

Jua. Vumbi. Kondoo wazee watatu wamekufa, 107. Kitabu kimekataza kushona. Nimeshona hatamu iliyokatika tangu Januari.

Aprili 1

Wanakondoo 52.

Aprili 5

Watatu wengine. 104.  Nimemwona Nyamjav jana ananoa kisu huku midomo inahesabu.

Aprili 6

Leo amekuja Samdan, mtoto wa yule mtabiri. Sasa mambo yameruhusiwa, anapiga ramli mchana kweupe pale wilayani, ana kiti cha kuzunguka na miwani miwili. Tulibadilishana chupa za ugoro, ndiyo salamu yetu. Ugoro wake una vumbi. Akaulizia kondoo, akaulizia magoti. Nikamwambia magoti yangu yamzike yeye.

Nilimsubiri huyu majira yote. Nikamwambia: "Samdan, kazi yenu ni uongo, na mimi nina ushahidi. Majira haya nimevunja kila katazo la kitabu chako, na tazama, niko hapa, nimenyolewa, nimeoga, kondoo wangu wanapumua."

"Katazo lipi, bwana wee?"

"Suvdmaa, mletee kitabu."

Suvdmaa alikuwa anamimina chai. Akasema kitabu sijui kiko wapi. Kiko pale pale siku zote, juu ya sanduku, kando ya picha ya Dulmaa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akakileta polepole, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

"Machi kumi na moja," nikasema. "Siku ya Kondoo. Soma kwa sauti, asikie na anayeoka mkate wilayani."

Samdan akabadilisha miwani. "Machi kumi na moja, siku ya Kondoo. Njema sana kwa kuhama, kusimamisha hema na kupeleka mifugo mahali papya."

"Umesoma vibaya."

"Mimi ndiye niliyekiandika, Yadam."

"Soma Februari ishirini."

"Njema kwa kukata nywele. Huongeza umri na kuleta utulivu."

"Mwaka mpya. Simbamarara."

"Watoke kuelekea kaskazini mashariki." Akavua miwani. Akamtazama Suvdmaa, akanitazama mimi, na tumbo lake likaanza kutikisika kabla mdomo haujafunguka. "Ewe mzee mwenzangu! Umekuwa mfuasi wangu bora katika wilaya nzima!"

Nikamwambia cheka tu, jambo kubwa kuliko yote hukulishinda: nilimwoa Dulmaa mlipokataza, baba yako na nyota zake.

Akaacha kucheka. Hilo lilinitia baridi kuliko kicheko. "Baba yangu? Yadam, nilikuwa nimeshika taa mle ghalani. Baba alisema hajawahi kuona nyota zilizofaana kama zenu. Dulmaa alitoka pale anaruka."

 Chai ilikuwa inachemka kupita kiasi. Nikamwuliza Suvdmaa, bila kelele: "Nani alikufundisha?"

"Mama," akasema, akiitazama picha iliyo juu ya sanduku. "Wiki niliyoolewa. Alisema, chochote unachokitaka kwa baba yako, mwambie kimekatazwa."

"Na dhoruba? Nyota zilijua dhoruba?"

"Nyota hapana, Baba. Goti lako. Siku tatu ulikuwa unaamka unaguna. Ulivyoguna hivyo vuli ile nyingine, theluji ilifika siku ya nne."

Nikatoka nje. Samdan aliondoka bila mimi kumshikia farasi.

Aprili 7

Upepo. Sikuuliza.

Aprili 8

Upepo. Sikuuliza. Hema limejaa wasaliti, mmoja wao yuko kwenye picha.

Aprili 9

Nimekaa nikahesabu. Farasi wa kijivu niliyemnunua kwa sababu alikatazwa. Kisima tulichochimba siku mbaya. Jina la Nyamjav. Kila nilipopiga kifua, Dulmaa alikuwepo nyuma yangu amenishika kiunoni, ananielekeza kama mtu anavyomgeuza ng'ombe kipofu. Mchungaji bora wa wilaya mara mbili!

Aprili 11

Naandika yote.

Asubuhi nilisema nitavusha kundi. Mlima wa ng'ambo ya mto theluji imeyeyuka, majani makavu ya mwaka jana yanaonekana, na kondoo wana njaa. Nyamjav alikuwa wilayani. Nilipokwisha kupanda farasi, Suvdmaa akaja akashika hatamu. Mikono mitupu, hana kitabu.

"Baba, usivuke. Barafu imeoza."

"Kitabu kimesema?"

"Hapana. Mimi nasema."

"Wewe! Wewe husema kinyume. Ukisema nisivuke, unataka nivuke. Au sasa umegeuza tena? Niambie, leo nigeuke upande gani?"

"Leo sigeuzi kitu, Baba. Nakuomba tu."

Nilimtazama. Mtu aliyegeuzwa miaka hamsini hajui tena upande wake ni upi. Ningeamini, ni kutii mwanamke. Nisingeamini, labda ndivyo alivyotaka. Nikaona bora nifanye nilichosema mwanzo, kwa kuwa nilikisema mimi. Nikapiga farasi mguu.

Mbuzi wetu wachache walitangulia, wepesi, wakapita. Kondoo wakafuata wamebanana. Katikati ya mto nilisikia sauti, si ya kupasuka, ni kama mtu anayevuta pumzi ndefu. Kisha maji meusi yakatokea pale waliposimama kondoo, na kondoo hawakulia. Hilo sikulijua, kwamba hawalii. Wanatazama tu.

Nilishuka, nikatupa kamba ya tandiko, ikafika fupi. Suvdmaa alikuwa amekwisha kuja mbio. Alinisukuma kando, mimi, akalala kifudifudi juu ya barafu, akatambaa na ncha ya kamba mkononi. Akawa anawashika sufu ya shingo, mimi navuta. Tumewatoa kumi na mmoja. Mara mbili barafu ilizama chini yake, na mara ya pili nilimshika mguu, nikamvuta kama kondoo.

Wanane wamekwenda chini ya barafu. Mmoja ni yule kijana aliyeimbiwa.

Tulikaa ukingoni. Mikono yake ilikuwa ya zambarau na joho lake limekuwa gamba la barafu. Nikamvika langu. Nilingoja aseme "nilikuambia." Hakusema. Ningemsamehe kama angesema.

96.

Aprili 12

Nyamjav amerudi. Suvdmaa akamweleza. Alisema, "Tulivuka, barafu ikavunjika." Tulivuka. Yeye hakuvuka.

Nikamwambia mwanangu: "Nilivuka mimi. Mkeo alinishika hatamu." Hayo maneno yalikuwa mazito kama jiwe la kisima, lakini nimeyainua, nguvu bado ninazo.

Akasema, "Nimesikia, Baba." Basi.

Aprili 15

Suvdmaa anakohoa. Nimemwambia anywe mafuta ya mkia wa kondoo. Amekunywa bila ubishi. Sikuzoea mtu kutii mara moja, linachosha.

Aprili 20

Wanakondoo 79. Wale ambao mama zao walizama mtoni tunawapa maziwa ya mbuzi kwa chupa. Mmoja ni wangu. Amenikojolea joho.

Aprili 26

Mto umefunguka wote. Nyamjav amepanda mlimani kutafuta mtandao. Ameongea muda mrefu.

Aprili 29

Leo nimemsikia Suvdmaa anaimba zizini. Bawaba ile ile. Nilisimama nje kidogo, nilikuwa napumzisha farasi. Farasi hakuwa amechoka.

Mei 2

Kijani. Upande wa kusini wa genge, kidogo tu, ukitazama kwa pembeni.

Nyamjav alikwenda zizini peke yake asubuhi. Aliporudi, alivua kofia.

"Tisini na sita, Baba. Nimehesabu mara tatu."

"Nilikuambia tisini na sita tangu mwezi jana. Shule ilikufundisha nini?"

"Nilisema mia."

"Ulisema."

"Rafiki yangu atatuma lori Jumatatu. Nampigia sasa, nimthibitishie." Akatoa simu, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

 Suvdmaa alikuwa anakoroga sufuria. Ilikuwa tupu.

Mimi sijamwomba mtu kitu maisha yangu yote. Sikumwomba mkuu wa brigedi, sikumwomba daktari wakati wa Dulmaa, na mtoto niliyemfuta kamasi siwezi kumwomba. Kinywa hakina njia ya neno hilo. Nilikaa nikalitafuta, halikuja.

Nikainuka, nikaenda kwenye sanduku, nikachukua kijitabu. Ni mara ya kwanza kukishika. Ni chepesi kuliko nilivyodhani. Nikakifungua, nikaweka kidole, nikasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtu wa darasa la nne.

"Mei mbili. Siku ya Joka. Njema sana... kwa kuondoka. Kuvunja hema. Kuuza kondoo. Kupanda lori. Wazee waachwe walipo, au wapelekwe ghorofani, ni sawa."

"Kimeandikwa hivyo, Baba?" Suvdmaa aliuliza.

"Macho ninayo."

Akafuta mikono, akakichukua. Akautazama ukurasa kwa muda mrefu. Ulikuwa ukurasa wa mwezi wa kumi, nimekuja kuona baadaye. Akautazama, akanitazama, na akakifunga kwa heshima, mikono miwili.

"Kweli," akasema. "Ndivyo kilivyoandikwa, neno kwa neno." Akamgeukia mumewe. "Umesikia, Nyamjav? Kitabu kinatuamuru twende."

"Basi?"

"Basi nyumba hii imewahi kutii kitabu lini? Weka simu hiyo ukalete samadi kavu, moto unazimika."

Nyamjav alisimama. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama sufuria tupu. Kisha kile kikohozi chake kikaanza, kile kile cha tangu Februari, na safari hii hakuweka kiganja, kikatoka kicheko. Alirudisha simu ndani ya joho, akachukua kikapu, akaenda kuleta samadi.

Kijitabu cha kipumbavu, karatasi ya kufungia sukari. Nimekirudisha mahali pake kando ya picha ya Dulmaa. Anatabasamu pale kama alivyotabasamu miaka arobaini na tisa, na mimi nikidhani ndiyo sura yake tu.

Mawingu mepesi, joto kidogo. Kondoo jike 96. Wanakondoo 83. Kesho asubuhi nitamwuliza kinakataza nini.